Mbona Shujaa Haitiki? Wasomaji Wauliza Kuhusu Maonyesho ya Mashujaa

Mwezi uliopita tuliandika juu ya maonyesho ya mashujaa yanayochezwa kwenye kumbi kubwa za michezo ng'ambo, yale ya pikipiki, moto na watu wanaoruka hewani. Barua zimekuja kutoka kila upande wa Mombasa. Tumechagua zenye swali linalojibika, na nyingine tumezifupisha.

"Nilipokuwa kwa dada yangu Marekani tuliwapeleka watoto kutazama Marvel Universe Live. Wanangu walimwita Spider-Man mpaka koo zikawakauka, wala hakugeuka. Halafu nikagundua kumbe wachezaji hata hawasemi wenyewe, sauti zimerekodiwa. Huo si udanganyifu?" (Mama wa watoto wawili, Kisauni)

Mama, si udanganyifu, lakini uchungu wako ni wa haki. Onyesho hilo la Feld Entertainment, kampuni ile ile yenye Disney on Ice, lilianza mwaka 2014, na sauti za kurekodiwa ni jambo ambalo mtazamaji mzima hulitambua mapema.

Sababu ya kwanza ni kinyago. Spider-Man hana mdomo unaoonekana, na maikrofoni ikiwekwa chini ya kitambaa kilichobana husuguliwa na kuloweshwa jasho, ikaanza kukwaruza. Ya pili ni pumzi. Mtu aliyetoka kupinduka hewani mara mbili na kutua hawezi kutamka sentensi ikaeleweka, na pikipiki zikinguruma karibu naye ndiyo basi. Ya tatu watazamaji wengi hawaijui: katika maonyesho ya aina hii shujaa mmoja huweza kuchezwa na watu kadhaa usiku ule ule. Yule anayepanda ukuta si lazima awe yule anayepigana chini, na anayeendesha pikipiki huenda ni mwingine tena. Sauti moja ndiyo inayomfanya mtoto aamini kuwa wote ni mtu mmoja.

Kisha kuna mitambo. Sauti, muziki, taa, picha za ukutani na milipuko hufungwa kwenye saa moja. Ikishaanza kuhesabu haimngoji mchezaji aliyechelewa nusu sekunde, wala haimngoji mtoto anayeita. Ndiyo maana utaona anayesema anatikisa kichwa na kutupa mikono, na wenzake wote wametulia tuli. Wengi hulalamika kuwa uigizaji umetiwa chumvi kupita kiasi. Lakini mtazamaji aliye mita 50 haoni uso. Bila ishara hizo hatajua ni nani anasema.

Hilo la kutoitikiwa ni zito zaidi, hasa kwa mtu wa pwani. Kwenye taarab shabiki huinuka, hutunza, mwimbaji humgeukia na pengine huurudia ubeti kwa ajili yake. Aliyelelewa na desturi hiyo akiketi mbele ya onyesho lisilomsikia, huona amenyimwa kitu, na kwa kweli amenyimwa. Siku nyingine waambie watoto kabla ya kuingia: wakati wa maneno shujaa yumo kazini, hasikii. Waite anapoingia mara ya kwanza, kabla sauti yake haijaanza, na mwisho wachezaji wote wanapotoka kuaga. Hapo hawana maneno ya kufuata, na mchezaji mwenye moyo atampungia mkono mtoto aliyemwona.

"Binamu yangu alinitumia video aliyoipiga akiwa kiti cha juu kabisa. Ngumi inatua, kishindo kinakuja baadaye. Mitambo mibovu?" (Mwanafunzi, Changamwe)

Mitambo mizima. Hewa ikiwa na joto la nyuzi 25, sauti husafiri takriban mita 346 kwa sekunde. Mtu akiwa mita 70 kutoka jukwaani, kishindo kinachotoka kwenye spika za mbele humfikia karibu sehemu moja ya tano ya sekunde baada ya jicho kuona, na jicho halisamehi kuchelewa huko. Ukiwa ndani ya mita 30 pengo ni chini ya sehemu moja ya kumi, na wengi hawalioni. Mafundi hutundika spika nyingine katikati ya ukumbi na kuzichelewesha makusudi, ili sauti yake ikutane na ile inayotoka mbele. Hilo huyafanya maneno yasikike wazi, lakini haliwezi kuiwahisha sauti.

"Kiti cha mbele ndicho ghali. Ndicho bora?" (Baba, Nyali)

Kwa mtoto, mara nyingi sivyo. Viti vya mbele huwa vimepangwa kwenye sakafu bapa, na mtoto wa miaka sita ataona mgongo wa aliye mbele yake. Safu za chini za jukwaa la ngazi, zinazotazama jukwaa la mchezo moja kwa moja, ndizo tunazozipenda: kila safu imeinuka, wanaoruka unawaona wakija usawa wako, na picha za ukutani hazijapinda. Ukikaa pembeni sana, picha hubanana na nguzo za spika hukatiza. Viti vya juu kabisa vinaonyesha mpangilio wote wa pikipiki kama ramani, ila kamba za chuma utaziona, na mtoto akiziona uchawi unapungua. Kabla ya kulipa uliza swali moja: kiti hiki kimezibwa na kitu chochote? Usitosheke na mchoro wa mtandaoni.

"Mwanangu mdogo yuwaogopa makelele na ana pumu. Mkubwa ana kifafa. Niwapeleke?" (Msomaji, Likoni)

Kuhusu kifafa anza na daktari wake, si sisi. Katika kila watu 100 wenye kifafa, kama 3 tu ndio wanaoshtuliwa na mwanga unaomwekamweka, kwa hiyo muulize daktari kama mwanao ni mmoja wao. Mwanga wenye hatari zaidi ni ule unaowaka na kuzima kati ya mara 3 na 30 kwa sekunde, na taa za mapigano huenda zikawa humo. Ukianza ghafla, mtoto azibe jicho moja kabisa kwa kiganja na ageuze uso pembeni. Kufumba macho yote mawili hakutoshi, maana mwanga mkali hupenya kope.

Pumu: ule ukungu unaofanya miale ya taa ionekane hutengenezwa na mashine, kwa maji yaliyochanganywa na kemikali iitwayo glaikoli au kwa mafuta mepesi. Huwa mzito karibu na jukwaa. Kaeni mbali na mbele, na dawa ya kuvuta iwe mfukoni mwako, si kwenye mkoba ambao walinzi wanaweza kuuzuia mlangoni.

Masikio nayo yana hesabu yake. Kipimo kimoja kinachopendekezwa kazini huruhusu desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unapungua kwa nusu. Kwenye 94 una saa moja, kwenye 100 dakika 15 tu. Mtoto mdogo avalishwe vifuniko vya masikio vya kichwani, maana vile vya sponji humtoka. Mkubwa akitumia vya sponji, aviringishe hadi viwe vyembamba, avute sikio juu na nyuma, aingize, kisha ashikilie kwa nusu dakika mpaka vitanuke. Wengi huvisukuma tu vikabaki nje nusu, halafu husema havifanyi kazi.

"Kwa nini mashabiki wakubwa hulaumu hadithi na watoto hawajali?" (Msomaji, Mji wa Kale)

Kwa sababu hadithi imeundwa kubeba matukio. Marvel Universe Live ya 2014 ilikuwa na wahusika zaidi ya 20. Mchemraba wenye nguvu ukavunjwa, na Loki, adui wa mashujaa, akautafuta, ili kuwe na sababu ya kuhama kutoka pambano moja hadi jingine. Msomaji wa vitabu vya picha anataka kujua shujaa anafikiri nini, na hapo hapewi nafasi hiyo. Batman Live, iliyoanza Manchester mwaka 2011, ilichagua njia iliyotupendeza zaidi: ilimfuata Robin, msaidizi wa Batman na mtoto wa wanasarakasi, kwa hiyo sarakasi ikawa ndiyo hadithi yenyewe. Gari la Batman lilichorwa na Gordon Murray, yule mbunifu wa magari ya Formula 1.

"Sisi ni kikundi cha vijana 14, Tononoka. Tunataka kufanya onyesho letu la shujaa, mtu aruke hewani kama wale. Tuna wanasarakasi watatu waliowahi kufanya kazi mahotelini. Tuanzie wapi?"

Vijana, barua yenu ndiyo iliyotufurahisha kuliko zote, na ndiyo iliyotutia hofu. Tuanze na hofu.

Msimning'inize mtu kwenye paa la ukumbi. Mapaa mengi yamepigiwa hesabu ya kubeba mabati, upepo na feni. Mtu wa kilo 70 anayebembea, kamba ikikazika ghafla, huvuta kwa nguvu inayozidi uzito wake mara kadhaa, na vyote hivyo huishia kwenye boriti moja. Hata wenye fedha huumizwa. Kwenye onyesho la Spider-Man la Broadway, New York, tarehe 20 Desemba 2010, mchezaji alianguka takriban mita 9 kwa sababu kamba yake ya usalama haikuwa imefungwa. Vifaa vilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa pili wa kukagua, na baada ya ajali ndipo ukaguzi wa mtu wa pili ulipoongezwa. Hilo lichukueni hata kama hamruki: kila fundo, kila godoro, kila ngazi iangaliwe na watu wawili, na wa pili aseme kwa sauti "tayari" kabla mchezo haujaendelea.

Wanasarakasi wenu ni hazina. Trampolini ndogo iliyofichwa nyuma ya ukuta wa mbao humrusha mtu akatokea juu ya ukuta kana kwamba ameruka kutoka ardhini. Atue kwenye godoro la mazoezi lenye unene wa sentimita 30, na ukuta usizidi mita moja na nusu. Msitumie godoro la kulalia: mguu huzama mpaka sakafuni na kifundo kikapinda. Mkiunganisha magodoro mawili yafungeni kwa mikanda, maana ajali hutokea kwenye ule mwanya wa katikati. Wawili wasimame pembeni kumlinda kila anayeruka.

Mkichezea wazi, kama pale Mama Ngina, heshimuni kusi. Ukungu wa mashine hautakaa hata dakika. Pazia kubwa huwa tanga, na upepo ukiongezeka mara mbili msukumo wake huongezeka mara nne. Acheni mapengo kwenye pazia au mliondoe.

Mavazi ya kubana ya nailoni huchemsha mtu katika joto letu. Kila mchezaji awe na seti mbili, na kinyago kikatwe mashimo ya macho makubwa kuliko mnavyodhani, kisha yafunikwe kwa wavu mweusi ili kwa mbali yaonekane yamejaa. Shimo dogo humnyima mtu kuona pembeni, akajikwaa. Silaha na deraya zikatwe kwenye sponji ya mikeka ya mazoezi, milimita 10 kwa kifua, 5 kwa mikono. Gundi ya viatu ipakwe pande zote mbili, iachwe dakika 10 hadi 15 mpaka isishike kidole, ndipo mbanishe. Mkibana ikiwa mbichi, itaachia jukwaani.

Sasa shujaa mwenyewe. Spider-Man na Batman wana wenyewe, na kuuza tiketi kwa majina yao bila idhini ni kujitafutia kesi. Mnaye Fumo Liyongo, na hamhitaji ruhusa ya mtu. Hadhuriki kwa silaha yoyote ila sindano ya shaba kitovuni. Amefungwa minyororo, mamaye akampelekea kwa mkono wa mjakazi mkate wenye tupa ndani, na watu wakicheza gungu kwa upatu na matoazi, yeye akawa anakata pingu chini ya makelele hayo.

Tazameni tukio hilo lilivyo zawadi. Waambieni watazamaji kuwa makofi yao ndiyo yanayoficha tupa. Wakipiga, Liyongo anakata. Wakinyamaza, walinzi wanageuka naye anaacha. Watoto watapiga makofi mpaka viganja viwe vyekundu, na hakuna rekodi ya ng'ambo inayoweza kufanya hivyo. Kwa ajili hiyo msirekodi onyesho zima kwa mkanda mmoja. Katakateni sauti vipande vya sekunde 20 hadi 40, na anayebonyeza kompyuta aketi mahali anapoona jukwaa na watazamaji, angoje makofi yapungue ndipo aendelee. Mtambaji awe na maikrofoni ya kweli na azungumze mwenyewe, maana mtoto akiuliza swali kuna mtu wa kumjibu.

Mwisho wake Liyongo amepiga goti kisimani, upinde umevutwa, amekufa, na watu wanaogopa kwenda kuteka maji wakidhani yu hai. Mwacheni mchezaji akae hivyo dakika nzima bila muziki. Avae kinga ya goti chini ya kikoi, na uzi wa upinde uwe mlegevu, kwa kuwa mkono ukitetemeka watoto wa safu ya mbele wataona.