Shangazi: Mke wangu hutokwa na damu siku tisa, nami hukimbilia barazani

*Shangazi, shikamoo. Mimi naendesha tuktuk Kisauni, nina mke na mtoto wa miaka miwili. Mke wangu akiingia mwezini nyumba haikaliki. Damu humtoka siku nane, tisa, tena nyingi, na tumbo humkata mpaka analia. Mahamri anayouza asubuhi hayapikwi. Ukimsemesha ni mkali. Zamani mamangu alisema akizaa litapoa. Amezaa, na ndiyo limezidi. Sasa mama asema ni kijicho, tumtafutie kombe, zile aya zilizoandikwa zikaoshwa kwa maji, anywe. Mimi humwachia nafasi: nakaa barazani na wenzangu mpaka saa tano za usiku ndipo nirudi. Tena siku hizi ameingia tabia ya kutafuna barafu kutwa, ananunua kwa jirani, pesa zinakwenda. Nampenda, lakini nimechoka. Nimnunulie nini? – Baba Mtoto, Kisauni.*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na hizo barafu, ulizozitaja mwisho kama kero ya matumizi. Mtu anayetamani barafu kutwa, au udongo, au kutafuna mchele mbichi, mara nyingi mwili wake umepungukiwa na madini ya chuma. Barafu hazimshibishi, hazimpozi joto la Mombasa, na bado hawezi kuziacha. Hiyo si tabia, mwanangu. Damu ya siku tisa kila mwezi huchota chuma kilichowekwa akiba mwilini, na akiba ikiisha, damu yenyewe mwilini hupungua. Leo usiku mtazame vizuri. Mvute kope ya chini kidogo: ndani pana wekundu au pamepauka? Akibeba mtungi wa maji, moyo humwenda mbio? Hushika ukuta akisimama ghafla? Halafu urudi kwenye huo ukali unaoulalamikia. Mtu ana damu kidogo, hajalala, tumbo lamkata, na mumewe hayupo mpaka saa tano. Ulitaka akuchekee?

Damu yenyewe ni nyingi kiasi gani? Kwa kawaida mwanamke hupoteza mililita 30 hadi 40 katika hedhi nzima, haijai kikombe cha hiyo kahawa unayokunywa barazani. Ikivuka 80 madaktari huiita nyingi. Bila shaka hakuna anayepima kwa kikombe, kwa hivyo wao huuliza maswali ambayo hata wewe unaweza kuyajibu. Damu hupita siku saba? Pedi hujaa ndani ya saa moja au mbili? Hutoka mabonge makubwa kuliko sarafu? Huvaa mbili kwa pamoja, huamka usiku kubadilisha, hutandika leso kuukuu juu ya godoro? Jibu likiwa ndiyo hata kwa moja, ni la kwenda hospitali. Wewe umeshanijibu la kwanza kwa mkono wako mwenyewe.

Naona kwenu mwajua kombe, basi niseme na la dini, maana wengi hupotelea hapo. Kwa Washafii, na ndio wengi huku Pwani, hedhi huweza kufika siku 15 kabla haijaitwa istihadha, yaani damu isiyo ya hedhi. Mke akienda kuuliza kuhusu sala zake, ataambiwa siku tisa ni hedhi tu, asisali, na saumu atalipa. Jibu hilo ni sahihi kwa sala na funga. Shida ni pale anaporudi nyumbani akiamini ameambiwa hana ugonjwa. Ustadhi hakuulizwa ugonjwa, na hakuujibu.

Wala dini haikukutuma barazani. Lililokatazwa siku hizo ni tendo la ndoa. Kula sahani moja, kulala kitanda kimoja, kumkanda kiuno, hayo yote yapo pale pale. Bibi Aisha alikuwa akimchana Mtume nywele naye yumo katika hedhi. Muulize ustadhi yeyote wa mtaani kwenu atakusimulia. Unasema humwachia nafasi. Alikuomba? Maana nafasi ambayo mtu hakuiomba, kwake yeye ni kuachwa peke yake na mtoto wa miaka miwili anayetaka kubebwa.

Sasa, nimnunulie nini. Mnunulie sodo, zile ndefu za usiku, pakiti mbili tatu kabla siku hazijafika, si kungoja akutume. Serikali iliziondolea kodi ya VAT tangu mwaka 2004, lakini kwa mwanamke anayetumia pakiti nzima kwa siku mbili bado ni pesa, na zikimwishia ataingiza tambara na hatakwambia. Muuza duka atakufungia kwa gazeti kana kwamba umenunua bangi. Pokea uende zako.

Lakini zaidi ya sodo ni maji. Nyinyi wa Kisauni hamhitaji kufundishwa na mimi kwamba mfereji huja ukitaka. Mwanamke anayemwaga damu hivyo hutaka kujisafisha usiku wa manane, na kama mwakaa nyumba ya vyumba, choo cha kushirikiana, itambidi apite ukumbini na ndoo mbele ya milango ya watu, na shuka kapakata chini ya buibui. Jaza mitungi yote kabla ya siku zake. Usiku akiamka, amka nawe, mbebee ndoo mpaka mlangoni, umsubiri. Shuka iloweke maji baridi, ya moto hugandisha doa, na asubuhi uifue wewe. Watakaokucheka uani waache wacheke, wana yao ndani. Asubuhi hizo mahamri yasipikwe kabisa, au kama unga umeshaumuka, akueleze kusukuma naye amekaa.

Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, aweke chini ya kitovu au kiunoni, husaidia kweli, hata katika joto hili letu. Dawa nayo ina wakati wake. Ibuprofeni hufanya kazi vizuri ikianzwa mapema, damu au maumivu yanapoanza tu, baada ya chakula. Akingoja mpaka ajikunje itachelewa. Hupunguza na damu kidogo pia. Mwenye vidonda vya tumbo, pumu au ugonjwa wa figo asiimeze bila kuuliza. Aspirini asiiguse siku hizo, huzidisha kutoka damu.

Hayo yote ni ya kumpitisha mwezi huu. Usije ukawa fundi wa ndoo na chupa ya maji moto kwa miaka kumi huku ugonjwa wenyewe haujajulikana.

Hukuniambia kama baada ya kujifungua aliwekwa koili. Muulize. Ile ya shaba huweza kuzidisha damu na maumivu, na wewe umesema limezidi tangu azae. Ile yenye homoni ni kinyume chake, hiyo ni moja ya tiba za kupunguza damu. Kuna fibroidi, uvimbe wa kizazi ambao wanawake wengi wanao na ambao kwa kawaida si saratani. Kuna endometriosisi: tishu mfano wa ile ya ndani ya kizazi huota nje yake, na Shirika la Afya Duniani linakadiria inawapata wanawake milioni 190 ulimwenguni, mmoja katika kila kumi walio katika umri wa kuzaa. Dalili zake nyingine ni maumivu katika tendo la ndoa, au akienda haja kubwa siku hizo. Ikiwa mkeo amekuwa akikukwepa hata nje ya hedhi, usinune, muulize kama anaumia. Kuna tezi ya shingoni isiyofanya kazi sawasawa. Na kuna waliozaliwa na damu isiyoganda upesi: kama alitokwa na damu hivi tangu kuvunja ungo, au aling'olewa jino damu ikakataa kukoma, amwambie daktari, maana hilo husahaulika.

Anzieni kituo cha afya kilicho karibu, si lazima mvuke daraja la Nyali asubuhi ya kwanza kwenda Coast General. Kama hamjajisajili SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, jisajilini kabla. Watampima mimba kwanza, asikasirike, huanza hapo kwa kila mtu. Kisha kiwango cha damu, ambacho kwa mwanamke asiye na mimba kikiwa chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu, na waombeni wapime na akiba ya chuma, maana huweza kuisha huku damu ikionekana bado iko sawa. Kisha skeni ya nyonga. Aende na tarehe alizoandika mwenyewe: damu ilianza lini, ikakoma lini, pedi ngapi kwa siku, mabonge yapo au hayapo. Mtundikie kalenda ukutani na kalamu, lakini aandike yeye. Si daftari lako.

Akipewa vidonge vya chuma, choo kitakuwa cheusi, msiogope. Asivimeze na chai wala maziwa. Najua hilo kwetu ni gumu, chai yetu ndiyo hiyo ya maziwa na ndiyo inayoshushia mahamri, lakini hukizuia chuma kisiingie mwilini. Ameze kwa maji ya ndimu au chungwa, chai ingoje saa moja hivi au zaidi. Maini, kunde, dagaa na mchicha vina nafasi yake, ila kwa damu ya siku tisa chakula peke yake hakitafidia. Vidonge ni vya miezi kadhaa, asiviache eti kwa kuwa barafu zimeacha kumtamanisha.

Kuna dawa nyingine, asidi ya traneksamiki, humezwa siku za damu tu na huipunguza sana. Aliyewahi kupata damu iliyoganda mguuni au mapafuni hafai kuitumia, kwa hivyo iandikwe na daktari, usiende kuichukua mwenyewe kwa kemisti. Na ikionekana fibroidi, huenda hofu kubwa ya mkeo ni kwamba watamtoa kizazi. Wanawake wengi hawaendi kupimwa kwa hofu hiyo hiyo, na hawaisemi. Mwambie mapema kwamba fibroidi huweza kutolewa na kizazi kikabaki, na wengine hutumia dawa tu. Yeye ndiye atakayechagua, akishaelezwa.

Kisha ziko hali ambazo hazingoji foleni. Pedi ikijaa kila saa kwa saa mbili mfululizo, akizimia, akikosa pumzi hali amekaa, au hedhi ikichelewa kisha damu ikaja kwa nguvu na maumivu makali, mtie kwenye tuktuk saa hiyo hiyo hata kama ni usiku. Chombo unacho.

Mamako usigombane naye. Kombe akitaka kunywa na anywe, maadamu halichukui nafasi ya safari ya hospitali. Tena mpe kazi: siku ya kliniki amkalie mjukuu. Atajiona yumo, na nyinyi mtakuwa na mikono mitupu.

Siku hiyo mpe mwenzako chombo akuendeshee, ukae naye kwenye benchi. Akiitwa, muulize kama anataka uingie. Akisema ndiyo, ingia, lakini muache ajieleze mwenyewe; wewe sema yale uliyoyaona kwa macho yako, barafu na kuamka usiku, hasa akianza kusema "si sana, daktari", maana atasema. Akikwambia ngoja nje, ngoja nje.

Majibu yakitoka niandikie, unitajie na hicho kiwango cha damu.

Shangazi