Maswali na majibu: utafiti wa vyuo dukani na kiwandani

Nina shahada ya biashara, lakini dukani sioni pa kuitumia. Watafiti wanajua nini kuhusu duka la mtaani?

Wanajua mengi pale wanapokuja dukani wenyewe. Lori Beaman, Jeremy Magruder na Jonathan Robinson walifuatilia biashara ndogo magharibi mwa Kenya, wakakuta mauzo yanapotea kwa kukosa chenji tu: mwenye duka anazunguka kwa majirani, mteja anachoka, anaondoka. Hasara ilikadiriwa kati ya asilimia 5 na 8 ya faida. Kuwauliza wenye biashara mara kwa mara kuhusu chenji kulitosha kupunguza hasara hiyo. Nawe tundika karatasi karibu na droo. Kwa wiki mbili andika kila mauzo yaliyokwama na noti aliyokuja nayo mteja. Chenji ya asubuhi ipange kwa karatasi hiyo, kwa sababu mteja aliyeondoka kimya hakumbukwi.

Usaili wetu ni mazungumzo ya saa nzima, bado tunaajiri wasiofaa. Kasoro iko wapi?

Hapa ndipo pengo kati ya utafiti na wanaofanya kazi ni kubwa kuliko kote. Mwaka 2002 Sara Rynes na wenzake waliwapima maofisa rasilimali watu 959 wa Marekani kwa maswali kuhusu matokeo ya utafiti. Walichokosea zaidi ni yale ambayo utafiti unasema kuhusu kuchagua waajiriwa. Mazungumzo huru humbeba anayejua kuongea. Andaeni maswali sita yanayotokana na kazi yenyewe, wote waulizwe yale yale kwa mpangilio ule ule. Kabla ya siku hiyo, andikeni jibu la alama 1, la 3 na la 5 likoje. Wasaili wawili watoe alama kila mmoja peke yake, papo hapo baada ya kila jibu, na wasijadiliane hadi karatasi zikusanywe. Mambo huharibikia hapo: bosi akitangulia kusema "huyu kijana mzuri", alama za wengine humfuata. Ongezeni jaribio la kazi. Keshia, kwa mfano, ahesabu fedha mchanganyiko na kufunga hesabu ya siku kwa dakika 20. Miaka ya uzoefu msiipe uzito mkubwa, ni kipimo dhaifu cha utendaji.

Mshauri alitupanga kiwandani. Mwaka haujaisha tumerudi tulikotoka. Ushauri wake ulikuwa wa vitabuni?

Si lazima. Nicholas Bloom na wenzake walijaribu taratibu 38 za usimamizi kwenye viwanda vya nguo karibu na Mumbai, India: kuandika kasoro kila siku, kupanga stoo, kuhudumia mashine kabla hazijakwama. Tija ilipanda kwa asilimia 17 mwaka wa kwanza. Waliporudi miaka kadhaa baadaye, karibu nusu ya taratibu walizoanzisha zilikuwa zimeachwa. Sababu kubwa ni mameneja kuondoka na wakurugenzi kukosa muda. Basi kila utaratibu uwe na msimamizi na naibu anayeufanya walau siku moja kwa wiki, na mkurugenzi asaini daftari la kasoro kila Jumatatu.

Wanafunzi huja na madodoso, majibu hatuyaoni. Tuwakatalie?

Msiwakatalie. Mhadhiri hupanda cheo kwa makala za majarida, hapandi kwa kampuni aliyoisaidia, kwa hiyo daini chenu mapema. Barua ya ruhusa itaje muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili, ndani ya siku 30 baada ya mwanafunzi kutetea tasnifu yake, na swali moja lenu liingie kwenye dodoso. Liwe la uamuzi mnaoukabili, kama vile kuwakopesha wauzaji wa rejareja kwa siku 14 au 30. "Changamoto za kampuni" halitawapa la kufanya.