Maswali na Majibu: Sadaka hii anaigharamia nani?

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: sisi walei, tusio mapadre wala masista, tunamtolea Mungu nini? Nimechagua tano.

*Nauza vitumbua stendi. Naamka saa tisa usiku. Misa naipata Jumapili jioni nikiwa hoi, na jumuiya huwa sifiki. Wenzangu wana kwaya na vyama vya kitume, mimi nina kikaango tu. Namtumikia Mungu wapi?* (Mama vitumbua, Morogoro)

Hapo hapo kwenye kikaango, mama, na sisemi hivyo ili kukupoza moyo. Jumapili hii, wakati wa matoleo, tazama altareni. Watumishi wanampelekea padre vichupa viwili, kimoja cha divai na kingine cha maji. Anamimina divai katika kikombe, kisha anatia maji kidogo sana, matone tu. Yakishaingia, hakuna awezaye kuyatenga tena na divai. Mtakatifu Sipriani, askofu wa Karthago katika karne ya 3, alifundisha kwamba divai ile ni Kristo na maji yale ni sisi watu wake. Kuamka kwako saa tisa kumo katika matone yale. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, katika hati yake juu ya Kanisa ya mwaka 1964, ulitamka wazi kwamba kazi za walei, maisha yao ya nyumbani, hata kupumzika kwao, vikifanywa katika Roho vinakuwa sadaka ya kiroho inayotolewa pamoja na Mwili wa Bwana.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Kabla hujawasha mkaa, sema kwa maneno yako: Bwana, siku hii ni yako. Sekunde tano zinatosha. Kisha yaangalie mafuta. Wewe unajua kuliko mimi yanavyobadilika, yanavyokuwa meusi na mazito na kuanza kutoa povu. Kuyamwaga ni hasara, na mteja anayekimbilia basi hatajua kama uliyamwaga au uliyarudia siku ya nne. Siku unayoyamwaga kwa sababu watoto wa watu watakula vitumbua vile, umetoa sadaka ambayo hakuna aliyeiona isipokuwa Mungu. Imekugharimu wewe, na mwingine amepata afya.

Usione haya kwa udogo wake. Mama Maria alipompeleka Mtoto hekaluni, Luka anataja sadaka ya ndege wawili. Kwa sheria ya Walawi hiyo ilikuwa sadaka ya mama asiyeweza kumudu mwanakondoo.

*Niliahidi milioni moja ya ujenzi wa kanisa na ninalipa kila mwezi bila kukosa. Dada zangu wananilaumu kwamba simtumii mama hela ya dawa za presha. Si tumefundishwa Mungu kwanza?* (Kaka wa Dar es Salaam)

Kaka, fungua Marko sura ya 7. Yesu anawakemea watu waliosema mali ambayo ingewasaidia wazazi wao ni Korbani, yaani imekwisha kuwekwa wakfu kwa Mungu, kwa hiyo mama na baba wasiiguse. Aliwaambia wanalitangua neno la Mungu kwa mapokeo yao. Ni maneno makali, na nayarudia kwako kwa upendo.

Kila ninapopata swali la sadaka najiuliza: anayegharamika ni nani? Mfalme Daudi alipotaka kujenga madhabahu, Arauna alitaka kumpa bure uwanja wake wa kupuria, ng'ombe na kuni. Daudi akakataa, akalipa shekeli 50 za fedha, kwa kuwa hakutaka kumtolea Bwana kitu kisichomgharimu. Katika ahadi yako, anayelipa ni mama, kwa kila kidonge anachokosa. Nenda kwa paroko umweleze, uombe kusogeza ahadi mbele. Nimekaa kamati ya ujenzi kigangoni kwetu kwa miaka mingi, na hakuna aliyefukuzwa kwa kuomba muda. Dawa ianze mwezi huu.

*Kwaresima naacha soda. Inatosha?* (Kijana, Mwanza)

Inategemea hela ya soda inakwenda wapi, mwanangu. Ikibaki mfukoni mpaka Pasaka, umefanya akiba. Isaya 58 anasema mfungo anaoutaka Mungu ni kumgawia mwenye njaa chakula chako. Weka kila shilingi ya soda kwenye kopo, na kabla ya Juma Kuu lipeleke kwa mtu unayemjua kwa jina na shida yake.

*Mume wangu ananipiga. Wanajumuiya wenzangu wananiambia nivumilie, ni msalaba wangu, nimtolee Mungu.* (Sitataja mji wake)

Hapana, dada yangu. Msalaba wa Kristo aliubeba kwa hiari yake, kwa upendo. Kipigo ni dhambi ya anayepiga, na kukinyamazia hakumwokoi hata yeye. Sheria ya Kanisa yenyewe, kanuni ya 1153, inamruhusu mwenzi kutengana na yule anayemhatarisha sana mwili au roho. Toka uende mahali salama wewe na watoto, kwa ndugu au kwa mtu unayemwamini. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto; nenda, na ukiwa na majeraha sema unahitaji kutibiwa. Nanyi mliompa ushauri ule: mmeutoa sadaka mwili wa mwenzenu. Mwendeeni, mkamwombe radhi.

*Namuuguza mama mkwe aliyepooza kwa kiharusi. Ni mwaka wa pili. Nanung'unika, kuna siku namgeuza kwa hasira. Naona sadaka yangu imeshaharibika.* (Mkaza mwana, Iringa)

Mama, barua yako nimeisoma mara nyingi. Nilimuuguza baba yangu miezi saba, kwa hiyo huko kumgeuza nakufahamu: kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, mkono mmoja begani na mwingine nyongani, kuangalia kisigino na kiuno kama pamekuwa pekundu, kunyoosha shuka isiache mkunjo unaochubua. Kama mama hana vidonda mgongoni mpaka leo, wewe ndiye uliyevizuia, na siku zile za hasira zimo.

Mfikirie Simoni Mkirene. Hakujitolea. Alikuwa anatoka shamba, anapita, askari wakamshurutisha kuubeba msalaba wa Yesu. Injili haisemi kama alibeba kwa furaha au kwa kununa. Inasema aliubeba, na Marko akawataja mpaka wanawe, Iskanda na Rufo. Hasira iungame, na siku uliyomshika kwa nguvu mwombe radhi yeye mwenyewe, hata kama hawezi kukujibu. Anasikia.

Lakini ona pia kwamba Yesu mwenyewe alisaidiwa. Huyo ni mama wa mume wako, na ana watoto wengine. Waite wakae pamoja, wagawane usiku, au wachange walipe mtu wa kukusaidia. Wasiposikia, mwombe mwenyekiti wa jumuiya aje azungumze nao. Na Jumapili hii mume wako aende misa ya kwanza, akirudi abaki na mama yake. Wewe uende ya pili, ukae mpaka mwisho, bila kutega sikio kama kuna anayekuita.