Kiingereza kinatosha Wales? Ngoja nikusimulie mwaka wangu wa 2024

Juzi usiku nimetoka shifti, miguu inawaka moto, nafungua simu nakuta meseji ya kijana mmoja wa Mwanza. "Shikamoo kaka, nimepata chuo Cardiff naanza Septemba. Eti huko wana lugha yao? Nihangaike nayo au Kiingereza kinatosha?" Nikaanza kumjibu mistari miwili, nikajikuta naandika mpaka chai imepoa, nikaona bora niweke hapa, maana hili swali naulizwa kila mwaka ikikaribia Septemba na kila mwaka najibu yaleyale.

Marahaba mdogo wangu. Jibu fupi ni kwamba kinatosha. Utapata chumba, utafungua akaunti benki, utanunua mchele na tui la kopo, utasoma na kuhitimu bila kujua neno hata moja la Kiwelshi. Jibu refu ndo hili, na linaanza na bibi.

Mimi ni keya kwenye nyumba ya wazee upande wa Pontypridd, wenyewe wanaita Ponty, kutoka Cardiff ni treni ya kama nusu saa. Tulikuwa na bibi mmoja kashapita miaka 90, kumbukumbu zinamtoroka. Nilipoanza kazi alikuwa anaongea Kiingereza vizuri tu. Mwisho wa 2023 Kiingereza kikaanza kumponyoka, leo neno hili kesho lile, kinabaki Kiwelshi cha utotoni. Wazee wengi wenye ugonjwa wa kusahau inawatokea, lugha ya mwisho kuingia ndo ya kwanza kutoka. Sasa usiku mmoja anahangaika kitandani, anarudia neno mojamoja, dŵr, dŵr. Shifti ile tulikuwa watatu, mimi Mtanzania, mwenzangu Mfilipino na dada mmoja wa Nigeria. Mmoja anamwongezea blanketi, mwingine anapunguza taa, mimi namtafutia redio yake. Bibi anatutazama kama anatutazama wajinga. Asubuhi nipo kituo cha basi ndo nikaingia Google. Dŵr ni maji. Alikuwa na kiu. Jagi lilikuwa mezani limejaa mpaka juu.

Nililia pale kituoni, sioni aibu kusema.

Wiki iliyofuata nikaenda kujiandikisha darasa la jioni. Ngazi ya kwanza inaitwa Mynediad, maana yake kuingia, baadaye kuna Sylfaen, Canolradd na kuendelea. Mdogo wangu sikia hapa, ukiwa na miaka 18 hadi 25 unasoma bure. Mimi umri ulishapita nikalipa mfukoni, na kila mkisema "sina hela ya kozi" nawaangalia tu.

Nikawa na furaha kama mtoto, nikarekodi voisi sekunde 20 nikajitambulisha kwa Kiwelshi, nikatuma kwenye grupu letu la Waswahili wa huku. Wakacheka. Sawa, kucheka si dhambi. Ila jamaa mmoja, mtu ninayemheshimu, nilimpokea mwenyewe alipofika, akaandika "Si bora usome Kichina upate hela, hiyo lugha wanaongea kondoo." Watu 14 wakaweka kicheko. Nilihesabu. Nikaweka na mimi kicheko cha uongo nikazima simu. Jamani ile kitu iliniuma, na hata sa hivi naandika hapa inaniuma, maana sote tumetoka kwenye nchi ambazo mtoto alichapwa shuleni kwa kuongea lugha ya nyumbani, na Wawelshi nao yaliwakuta hayohayo, kuna mtoto alivishwa kibao shingoni kimeandikwa WN, yaani Welsh Not, marufuku Kiwelshi, kwa sababu ameongea lugha ya mama yake. Halafu sisi ndo tuwacheke? Sensa ya 2021 ilikuta wanaokiongea ni kama watu 538,000, asilimia 17.8 ya wakazi, na serikali yao imejiwekea lengo la kufika milioni moja ifikapo 2050. Kondoo hawana sensa.

Sasa niwaambie siri ambayo hamna mtu alituambia. Sisi Waswahili, hasa wa pwani, tumeshazaliwa na nusu ya hii lugha mdomoni. Waingereza darasani kwetu walikuwa wanatoka jasho na herufi, dd yao ni dh ya dhahabu, th ni th ya thelathini, ch ni kh ya kheri, w inasomeka u. Mimi wa Tanga nasoma tu kama naenda sokoni. Ila ll ni jambo lingine, hiyo ulimi unaukandamiza nyuma ya meno ya juu halafu unapuliza pembeni kama paka kakasirika, mpaka leo naibabaisha.

Na kuna kitu wanaita treiglad, neno linabadilika mwanzoni. Cardiff ni Caerdydd, ukienda huko ni i Gaerdydd, ukiwa ndani yake ni yng Nghaerdydd, ukisema "na Cardiff" ni a Chaerdydd. Kuna mama mmoja wa Kiingereza alifunga daftari akasema huu ni uonevu, neno linabadilikaje kichwa? Mimi nacheka moyoni, sisi tunasema mtu, watu, kijitu, jitu, tangu hatujaota meno. Nikamwambia mwalimu kwetu mwanzo wa neno ndo unaobeba kazi, akaniita mbele niwaeleze ngeli. Yaani mimi, mbele ya ubao, huko Wales, nafundisha ngeli za Kiswahili. Ningekuwa na simu mkononi ningerekodi nitume kwenye grupu.

Haya, mwezi wa tatu 2024. Tarehe 20 Vaughan Gething anakuwa Waziri Mkuu wa Wales, kazaliwa Lusaka, mama Mzambia, baba Mwelshi daktari wa mifugo, mtu mweusi wa kwanza kuongoza serikali ya nchi Ulaya. Grupu liliwaka, bendera, picha, "mwenzetu kashika nchi". Na mimi nilishangilia, sidanganyi. Siku sita baadaye timu ya mpira ikatolewa kwa penati na Poland palepale Cardiff wakakosa Euro, kazini kila mtu kanuna, bado nikasema mwaka huu ni wetu. Kumbe wapi. Likaanza suala la mchango wa pauni 200,000 wa kampeni yake, kutoka kampuni ambayo mwenye nayo alishatiwa hatiani kwa makosa ya mazingira, yeye akasema hakuvunja sheria yoyote. Tarehe 5 Juni bungeni wakampigia kura ya kutokuwa na imani naye, 29 kwa 27. Mwezi uliofuata mawaziri wanne wakaachia ngazi siku moja na yeye akatangaza kuondoka.

Kwenye grupu kimya. Nikauliza, jamani nani anajua huyu Gething ametokea chama gani, bunge linaitwaje, wanachaguaje? Kimya. Tulimjua siku ya ngoma tu. Na hapa ndo nitawahubiria kidogo mnisamehe. Mtanzania, Mkenya, Mganda, Mnyarwanda, wote nchi zetu zimo Jumuiya ya Madola, ukiwa na makazi halali Wales una haki ya kupiga kura, hata mwanafunzi. Kura! Na watu wana miaka kumi huku hawajajiandikisha, wanajua bei ya kila simu ila hawajui diwani wao. Jiandikisheni. Jifunzeni lugha na jiandikisheni.

Sasa Agosti. Hapa nitakaa kidogo maana ndo roho ya mwaka wangu. Eisteddfod ya Taifa, tamasha lao la mashairi na nyimbo, wanalihesabu asili yake hadi 1176, kila mwaka linahama mji, na 2024 likatua Pontypridd, ndani ya bustani ya Ynysangharad, ambayo mimi nakatiza kila siku nikienda kazini. Bustani hiyohiyo ina sanamu za ukumbusho wa baba na mwana walioutunga wimbo wao wa taifa mwaka 1856, hapohapo Ponty. Wiki nzima jukwaani ni Kiwelshi tu. Jumanne ya wiki hiyo, tarehe 6, ndo Eluned Morgan akathibitishwa kuwa Waziri Mkuu, mwanamke wa kwanza, watu wanasikiliza habari kwenye simu huku wamepanga foleni ya chipsi.

Ijumaa ni siku ya Kiti. Mshairi bora wa mashairi ya kanuni anapewa kiti, kiti kweli cha mbao, wanachonga kipya kila mwaka. Washindani wanatuma kwa majina ya kujificha kwa hiyo ukumbini hakuna anayejua ni nani. Mlangoni ukitaka unapewa hedfoni za tafsiri. Nikakataa. Mwenzangu wa darasani akanikonyeza akachukua za kwake. Taa zikazimwa, tarumbeta, wakasema mshindi asimame alipo, watu elfu na kitu tunageuza shingo gizani, taa inazunguka, inamkuta kijana kasimama, Carwyn Eckley, mashairi yake ya baba yake aliyefariki yeye akiwa bado mdogo. Wakamleta jukwaani, wakashika upanga mkubwa juu yake, wanauchomoa nusu, kiongozi wao Mererid Hopwood anauliza A oes heddwch? Je, kuna amani? Ukumbi mzima unajibu Heddwch! Mara tatu. Na mimi nilijibu mara tatu, sauti ikanikatika ya tatu. Maneno ya majaji nilielewa labda robo, lakini robo yangu mwenyewe, sio ya kwenye masikio ya kukodi.

Nini kilinifanya nilie? Sisi tuna vina na mizani. Babu yangu alikuwa anapigia mizani kwa vidole kwenye goti. Wao wana cynghanedd, yaani konsonanti za nusu ya kwanza ya mstari zinarudi kwa mpangilio uleule nusu ya pili. Mwalimu alipotueleza sikulala, nikajaribu kwa Kiswahili siku tatu, kwenye basi, nikiwa nakunja mashuka, mpaka nikapata: *Bila mali, bali Mola*. Hesabu mwenyewe, b-l-m-l, b-l-m-l. Nikampelekea mwalimu kwenye kijikaratasi. Akaisoma kwa sauti, akaipiga mezani kwa kalamu, akasema konsonanti safi kabisa, ila mstari wao ni silabi 7 na wewe una 8. Nikamwambia mwalimu, kwetu kipande ni mizani 8. Akacheka akasema basi Kiwelshi ndo kimepungukiwa. Ile karatasi ninayo mpaka leo kwenye pochi.

Jumapili nikarudi kazini. Bibi siku hizo hasemi tena, anatazama dirisha tu. Namlisha uji wa shayiri, sijui hata ilitokaje, nikamuuliza A oes heddwch? Akageuka. Akaweka mkono kwenye meza. "Heddwch!" Sauti nzima, sauti ya mtu aliyesimama ukumbini. Nikauliza tena, akajibu tena. Dada wa Nigeria alikuja mbio akadhani kuna ugomvi. Bibi alifariki mwezi wa kumi, familia yake wakaniomba nikae nao mstari wa mbele kanisani.

Miezi iliyobaki nairuka, raga wamecheza mechi 11 za kimataifa mwaka mzima wamepigwa zote, tanuru la mwisho la chuma Port Talbot limezimwa Septemba, Novemba dhoruba ya Bert ikaujaza mto Taff ukaingia mitaani Ponty tukasukuma matope kwa mafagio. Siku hiyo kusema kweli hakuna aliyeuliza nani anajua Kiwelshi, waliuliza nani ana ndoo. Sitaki mtu aje aseme nimedanganya kwamba lugha inatatua kila kitu.

Ila mdogo wangu, jifunze. Usisubiri umalize chuo, usisubiri upate karatasi, usisubiri mtu wa grupu akupe ruhusa. Jifunze salamu, jifunze kuomba maji, jifunze jina la kijiji kama wanavyolitamka wenyewe. Watu mnataka nchi ya watu iwapende na nyie hamjui hata inaitwaje, inaitwa Cymru. Koti zito nunua hukuhuku, usije na la mtumba kutoka nyumbani, halitafaa kwa hii mvua inayokuja kwa pembeni.

Na yule jamaa wa kondoo, mtoto wake kaanza shule, kaletewa homuwek. Jumapili kanitumia picha ya daftari, "Bro hii Dw i'n hoffi maana yake nini?" Meseji nimeiona, tiki mbili za bluu. Sijamjibu bado.