Sema Usiku Ule Ule: Ushauri kwa Anayelala Hotelini Mtwara

Nilifanya kazi ya mapokezi katika hoteli moja ya mjini Mtwara kwa miaka sita, na usiku ambao sijausahau ni wa mwezi wa Novemba, msimu wa korosho ukiwa umepamba moto na vyumba vyote vimejaa. Mzee mmoja aliyeteremka kutoka Newala alifika saa tatu usiku, akalipa, akaandika jina lake kwenye kitabu cha wageni kwa mwandiko wa taratibu, akapokea ufunguo na kupanda ngazi. Hazikupita dakika tano akarudi, begi likiwa bado begani. Aliinama juu ya kaunta akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, chumba kile kina watu. Kuna mama na watoto wawili wamelala. Nimerudisha mlango polepole wasiamke."

Mwenzangu wa zamu ya mchana alikuwa amempa yule mama ufunguo wa akiba, akapokea fedha zake, na hakuandika chochote kitabuni. Komeo la ndani la mlango ule lilikuwa limeng'oka tangu wiki iliyotangulia. Sote tuliofanya kazi pale tulilijua jambo hilo, na hakuna aliyemwita fundi. Sikuwa na chumba kingine cha kumpa mzee. Alilala kwenye kochi la mapokezi kwa shuka na mto niliomletea, na alfajiri aliniaga kwa upole na kuondoka bila kutaja habari ya fedha zake, hata ikabidi nimkimbilie hadi getini ili nimrudishie.

Kazi ile niliiacha, na sasa ninazunguka mikoa ya kusini kuwafundisha makarani wa vyama vya msingi vya ushirika utunzaji wa hesabu. Leo nalala Masasi, wiki ijayo Nachingwea, mwezi ujao Lindi, na Mtwara mjini hurudi mara kwa mara. Kwa hiyo nimekaa nyuma ya kaunta na nimesimama mbele yake, na ushauri wangu mkubwa kwa anayelala hotelini ni kwamba aseme usiku ule ule, tena amwambie mtu anayeshika funguo. Tumelelewa kuona kwamba mgeni mwenye adabu haumbui nyumba aliyofikia, na adabu hiyo ni njema ukiwa umekaribishwa kwa ndugu au rafiki. Hotelini umelipa. Mgeni anayenyamaza usiku kucha huenda akaisimulia kero yake stendi, ndani ya basi na nyumbani kwake Dar es Salaam, lakini mapokezi hawaipati, na mgeni wa kesho analala juu ya godoro lile lile. Ukisema saa tatu usiku, mpokeaji bado ana nafasi ya kukubadilishia chumba, kukuletea chandarua kisichotoboka au kukurudishia fedha ukatafute pengine. Ukisema saa mbili asubuhi, umeshalala humo, na swali la kwanza utakaloulizwa ni kwa nini hukusema jana.

Ili useme mapema ni lazima uone mapema, na hapa ndipo wageni wengi wanapokosea, kwa sababu wanalipa kwanza ndipo wanapanda kuangalia chumba. Omba uonyeshwe chumba kabla ya kutoa fedha. Hakuna mpokeaji mwenye akili timamu atakayekasirika kwa ombi hilo, na akikataa, amekwisha kukupa jibu. Ukiingia, anza na mlango: funga kitasa kwa ufunguo ukiwa ndani, kisha sukuma komeo ulione likiingia kwenye tundu lake, kwa kuwa nimeona makomeo mengi yaliyopigiliwa ubaoni bila tundu la kuingilia. Fungua bomba ulisikilize, na usitosheke na maji ya mwanzo yaliyobaki kwenye mfereji. Yaache yatoke kwa muda wa dakika moja hivi. Vuta maji ya chooni. Washa feni katika kila kasi. Funua shuka kwenye pembe ya kitanda, upande wa kichwani, uangalie mshono wa godoro kwa tochi ya simu. Vidoa vyeusi vilivyojipanga kando ya mshono ni alama ya kunguni, ambao mchana hujificha kwenye mishono na nyufa za kitanda na usiku hutoka. Mpaka umalize ukaguzi huo, begi lako liweke juu ya meza, wala usiliweke kitandani, kwani kunguni husafiri ndani ya mabegi na utawapeleka kwako. Kazi yote hii haizidi dakika tano. Hoteli yenye kunguni haiishii kwenye mabishano na mpokeaji tu: afisa afya wa halmashauri ana mamlaka ya kukagua nyumba za kulala wageni, na kumpelekea taarifa ni kuwafaa wageni watakaofuata.

Joto nalo linahitaji kusemwa kwa kirefu, maana ndilo lililoleta ugomvi mwingi kuliko yote pale kaunta. Msimu wa minada ya korosho huanza mwezi wa Oktoba na kuingia miezi ya joto kali, kwa hiyo wakati ambapo hoteli za Mtwara hujaa wanunuzi, madereva wa malori yanayokwenda bandarini na watumishi wa vyama vikuu vya ushirika, ndio wakati ambapo chumba kisicho na hewa hakilaliki. Mgeni anauliza, "Mna jenereta?" Anajibiwa, "Lipo, kaka," na jibu ni la kweli. Saa saba usiku umeme unakatika, jenereta linanguruma uani, taa za ukumbini zinawaka, lakini kiyoyozi cha chumbani kimekufa, kwa sababu jenereta lile limeunganishwa na mapokezi, taa na friji za jikoni tu. Niliwahi kumwona kijana mmoja ametandika shuka lake sakafuni ukumbini, jasho linamtiririka, kwa kuwa dirisha la chumba chake lilikuwa la kioo kisichofunguka. Kwa hiyo uliza hivi: umeme ukikatika, jenereta linabeba nini, na linazimwa saa ngapi? Kisha nenda dirishani ujaribu kulifungua, utazame pia linatazama wapi. Mimi mwenyewe nimelala katika chumba ambacho dirisha lake lilifunguka kuelekea korido ya ndani, ambamo wahudumu walipita na kuzungumza mpaka usiku wa manane, na pazia lilikuwa fupi kuliko dirisha. Nilibadilisha nguo chooni kwa siku mbili. Siku ya tatu ndipo nilipokwenda kusema, na nilihamishiwa chumba kingine kwa dakika kumi.

Maji ya visima vya pwani mara nyingi yana chumvi, sabuni haitoi povu na ngozi hubaki inanata. Hilo si kosa la mpokeaji, lakini ni haki yako kuambiwa, na ukiomba ndoo moja ya maji yasiyo na chumvi ya kuogea utaletewa mahali pengi.

Kuhusu kuhifadhiwa chumba kwa simu, naomba niseme wazi mambo tuliyokuwa tukiyafanya, ingawa si ya kujivunia. Mgeni alipopiga simu tuliandika jina lake kwa penseli. Ikifika saa kumi na mbili jioni hajafika, na mbele yetu amesimama mtu mwenye fedha mkononi, jina lile lilifutwa. Basi kutoka Dar es Salaam lina safari ya zaidi ya kilomita 550, na likichelewa njiani, mgeni anafika usiku akikuta chumba alichoahidiwa kina mwenyewe. Mwaka 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya kusini, watu walikwama njiani na waliotangulia kufika wakachukua vyumba vya waliochelewa. Kinga yake ni kutanguliza sehemu ya malipo, nusu au bei ya usiku mmoja, na kuilipa kwenye lipa namba ya hoteli ambapo jina la biashara linaonekana kabla hujathibitisha. Usiitume kwenye namba binafsi ya mhudumu hata akikuambia kwa upole namna gani. Ujumbe wa malipo usiufute. Ukichelewa njiani, piga simu kabla ya magharibi, umtaje aliyekupokelea simu mara ya kwanza. Ukifika, dai risiti. Mashine za risiti za kielektroniki zilianza kutumika nchini mwaka 2010, na sheria inamtaka muuzaji aitoe na mnunuzi aidai. Lakini kwa mgeni wa hoteli faida ya kwanza ya karatasi ile ni kwamba fedha yako imekwisha kuandikwa mahali ambapo karani wa zamu nyingine hawezi kusema hakuiona. Laiti yule mama mwenye watoto angepewa risiti mchana, kumbukumbu ingebaki kwenye mashine na mimi nisingemuuzia mzee chumba kile.

Yako pia mambo ya ajabu ambayo hakuna ukaguzi unaoyazuia. Dada mmoja aliyelala kwetu alitoka kuoga akamkuta mhudumu amesimama juu ya kiti anaing'oa televisheni ukutani, kwa kuwa ya chumba cha mgeni mkubwa ilikuwa imeharibika na meneja aliagiza ichukuliwe ile. Mhudumu alikuwa amebisha hodi, hakujibiwa, akatumia ufunguo wa akiba. Dada yule alitetemeka muda mrefu, na alikuwa na haki ya kukasirika kuliko alivyokasirika. Tangu siku ile ninapoingia chumbani, hata mchana, hata kwa kuoga tu, ninasukuma komeo. Na mtu akigonga usiku akisema ametumwa na mapokezi, usifungue. Piga simu mapokezi kwanza, kwa namba uliyoiandika ulipokuwa unajisajili, umuulize aliyepo kama amemtuma mtu. Mwanamke anayesafiri peke yake asione haya kufanya hivyo kila mara.

Nyuma ya milango mingi utaona karatasi iliyoandikwa kwamba uongozi hautahusika na upotevu wa mali yoyote. Isome, kisha uende kaunta uulize wanapotunzia vitu vya thamani. Ukiwakabidhi fedha, zihesabuni pamoja, na kiasi kiandikwe kwenye karatasi yenye tarehe na sahihi zenu wawili. Nguo za kufuliwa nazo zihesabu mbele ya mhudumu. Mgeni wetu mmoja, fundi mitambo aliyekaa wiki tatu, alipotelewa na shati jeupe lenye mistari ya buluu, na siku aliyoondoka alilikuta stendi limevaliwa na mtu ambaye naye alikuwa ametoka kulala kwetu na aliamini kabisa kuwa dobi alimletea la kwake. Walibadilishana pale pale, mmoja akiomba radhi, lakini kosa lilikuwa letu, kwa sababu tulizikusanya nguo za vyumba vinne katika beseni moja bila kuziwekea alama.

La mwisho ni la wanaoondoka na basi la alfajiri. Malizia hesabu zako usiku uliotangulia, maji, soda na chakula vyote, kisha uulize ni nani atakayekufungulia mlango, na analala wapi. Nasema mlango kwa makusudi. Mama mmoja aliyekuwa akimrudisha mwanawe Dar es Salaam kwa kliniki alishuka saa kumi na moja kasoro, akamkuta mlinzi macho, mwenye ufunguo wa geti mkononi, lakini yuko upande wa nje wa mlango mkubwa wa vioo. Ufunguo wa mlango ule alikuwa nao mpokeaji wa zamu, aliyekwenda kulala katika chumba cha juu kilichokuwa wazi, simu yake ikiwa imezimika. Walizunguka, mmoja ndani na mmoja nje, wakigonga kila mlango na kila dirisha, na wageni wengine wakaamka kuwasaidia kuita. Walipompata, basi la saa kumi na mbili lilikuwa limekwisha kuondoka, na nafasi ya mtoto kumwona daktari ilikuwa ya kesho yake asubuhi. Meneja alimlipia nauli ya basi la usiku. Mpokeaji aliyekuwa amelala siku ile ni mimi, na tangu hapo mpaka naacha kazi ufunguo wa mlango mkubwa niliuning'iniza kwenye msumari karibu na kaunta, mahali ambapo kila mgeni aliyepanga kuondoka alfajiri nilimwonyesha kabla hajapanda kulala.