Kadi ni ileile, jina limebadilika

SWALI: Shuleni kwetu tuna seva ndogo ya Debian (aina ya Linux). Nimeiongezea diski ya NVMe, nikaiwasha, mtandao hakuna. Waya ni uleule na taa ya swichi inawaka. Nikiandika ip link naona kadi ya mtandao inaitwa enp4s0, na zamani ilikuwa enp3s0. Nani kalibadilisha? Kwa nini tusiachiwe jina letu la zamani, eth0?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, kadi yako ni nzima, usinunue nyingine. Lisome jina kwa vipande: en ni kadi ya waya (ya waifai ingeanza na wl), p4 ni njia namba 4 ya PCI (mfumo wa kuunganisha vifaa ndani ya kompyuta), s0 ni nafasi namba 0 kwenye njia hiyo. Jina linataja mahali kadi ilipo. Diski ya NVMe nayo hukaa kwenye PCI. Ilipoingia ilichukua namba yake, na kadi ikasogezwa mbele. Faili lako la /etc/network/interfaces bado linaita enp3s0, ambayo haipo tena.

Hiyo eth0 wengi wanaililia, mimi siililii hata kidogo. Kerneli, yaani kiini cha Linux, iligawa eth0 na eth1 kwa kufuata kadi iliyotangulia kutambuliwa. Kwenye seva yenye kadi mbili, moja ya intaneti na moja ya ndani, majina yaliweza kubadilishana baada ya kuzima na kuwasha. Fikiria sheria za fayawoli ulizoandikia upande wa nje zimehamia ndani, na nje kumebaki wazi! Ndiyo maana systemd (programu inayowasha na kusimamia huduma za Linux) toleo la 197, mwaka 2013, ikaleta majina haya. FreeBSD, mfumo mwingine wa kompyuta, wao huita kadi kwa draiva yake: em0 ya Intel, re0 ya Realtek.

Wewe lifunge jina kwenye anwani ya MAC, namba ya kadi yenyewe, ile inayofuata neno link/ether ukiandika ip link. Tengeneza faili /etc/systemd/network/10-shule.link:

[Match]
MACAddress=(anwani yako)

[Link]
Name=shule0

Jina lisizidi herufi 15, na usichague eth0, litagongana na la kerneli. Badilisha jina kwenye interfaces pia, endesha update-initramfs -u (ili faili la kuwashia mfumo lilipate jina jipya), kisha washa upya. Fanya haya ukiwa umekaa mbele ya seva, skrini na kibodi vimechomekwa. Ukiyafanya kwa mbali, kwa SSH, ukakosea herufi moja tu, itakubidi uifuate seva hukohuko iliko.