Boma la kijiji, jiwe la mheshimiwa

Katika vijiji vya Tanzania wananchi wanachimba msingi, wanasomba mawe na kupandisha boma, yaani kuta bila paa, hadi lenta juu ya milango na madirisha. Halmashauri inaleta bati na fundi wa kupaua. Siku ya uzinduzi kiongozi anasimama na kusema "nimewajengea zahanati", na viganja vyenye sugu vinampigia makofi.

Kabla ya kumlaumu, angalia karatasi aliyoshika. Taarifa ya mradi huandaliwa ofisini kabla ya ugeni, na huandikwa kwa shilingi. Fedha za serikali zina tarakimu. Upande wa kijiji utakuta "wananchi walishiriki", na neno hilo kwenye jumla ni sifuri.

Kwa hiyo kamati ya ujenzi ianze na kaunta buku siku ya kwanza ya msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kujitolea. Safu zake: tarehe, jina, kitongoji, kazi au kitu, kiasi, sahihi. Ijazwe pale pale saitini, maana ikiandikwa wiki ijayo kwa kukumbuka, nusu ya majina hupotea na nusu nyingine huzua ugomvi. Kwenye mchanga na mawe msiandike "tripu" peke yake. Tripu ya Kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, si tripu ya lori la Fuso! Andikeni aina ya gari.

Kisha thaminisheni. Tuseme watu 40 wamefanya kazi siku 6: hizo ni siku-kazi 240. Kibarua hapo kijijini akilipwa shilingi 5,000 kwa siku, ni shilingi 1,200,000. Tripu 18 za mchanga kwa 60,000 ni 1,080,000. Jumla 2,280,000, na bado mawe, maji na tofali. Msitumie bei za mjini; mhandisi wa halmashauri atazikata zote, hata zile za kweli. Mwombeni akague na kusaini boma likifika lenta. Likishapigwa plasta, nani atayahesabu mawe ya msingi?

Tarakimu hizo zisomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria hukaa kila miezi mitatu, ziingie kwenye muhtasari, na nakala ipelekwe kwa mtendaji wa kata mapema. Kumzomea mgeni siku ya sherehe hakusaidii; taarifa imeshachapwa.

Jiwe la ufunguzi litabaki na jina la aliyelifungua, hilo msilipiganie. Piganieni kibao cha mradi chenye mistari minne: nguvu za wananchi, halmashauri, serikali kuu, Mfuko wa Jimbo. Huo wa mwisho ndio unaowachanganya watu wengi. Mfuko ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 2009, fedha zake ni za umma, na mbunge ni mwenyekiti wa kamati inayozigawa. Bati zikinunuliwa kwa mfuko huo, kibao kiandike "Mfuko wa Jimbo" na kiasi, bila jina la mtu.